Ushindi wa pointi mbili ugenini na somo lake kwa vijana wa Sherikat

Na Mwandishi Wetu, Juba

UKIVUKA Mto Nile kutoka katikati ya Juba na kushika barabara ya Nimule, huwezi kuikosa Sherikat. Malori yaliyopakia mzigo Mombasa na Kampala yanapita hapa, bodaboda zinapenya katikati yake, na watu wanasalimiana kwa Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kibari na kile Kiswahili walichojifunza Kakuma, Eldoret na Kampala. Wapo waliorejea baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Wapo pia ambao leo unawaona hapa, kesho wako Elegu wakifuata unga na mafuta ya kupikia.

Kwa watu wa namna hii, neno ugenini halihitaji kufafanuliwa. Mfanyabiashara anayelala chini ya lori akisubiri karatasi zake zigongwe mhuri anajua maana ya kucheza kwenye uwanja wa mwenzako, kwa sheria ambazo hukuzitunga, mbele ya watu wasiokushangilia. Mtoto aliyesoma shule ya kambini na kuitwa mkimbizi kila siku anajua pia.

Ndiyo maana makala haya yanakupeleka, ndugu msomaji, kwenye mechi moja ya mpira wa kikapu iliyochezwa mbali sana na hapa, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Ilikuwa mechi ya wanafunzi wa chuo. Wageni walishinda kwa pointi mbili tu. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo kijana mrefu aliyezaliwa Wau.

Usiku wa Februari 5, 2004

Katika jimbo la North Carolina nchini Marekani kuna vyuo vikuu viwili ambavyo havipatani hata kidogo linapokuja suala la mpira wa kikapu. Kimoja ni Duke, chuo cha binafsi kilichopo mji wa Durham. Kingine ni Chuo Kikuu cha North Carolina, mali ya umma, kilichopo Chapel Hill. Umbali kati yao ni kilomita 16 hivi, safari ambayo hata bodaboda ya Sherikat ingekufikisha kabla chai haijapoa. Lakini siku timu hizo zinapokutana, kilomita hizo zinakuwa ndefu kuliko barabara yote ya Juba hadi Nimule.

Alhamisi hiyo Duke walikuwa wanashika namba moja katika orodha ya vyuo vyote vya Marekani. Wenyeji walikuwa na kocha mpya, Roy Williams, pamoja na vijana hatari kama Raymond Felton, Sean May na Rashad McCants, ambao mwaka uliofuata walitwaa ubingwa wa taifa. Uwanja wao unachukua watu zaidi ya 21,000. Wote walivaa rangi ya samawati ya wenyeji, isipokuwa wachache mno.

Mechi ya chuo huchezwa vipindi viwili vya dakika 20 kila kimoja. Dakika hizo 40 hazikutosha. Katika sekunde za mwisho Jawad Williams wa North Carolina alitupia mpira kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ukazama, na wakaingia muda wa nyongeza wa dakika tano. Hapo ilikuwa vuta nikuvute. Duke wakatangulia tena, lakini McCants naye akatupia pointi tatu zake na kusawazisha 81-81. Uwanja mzima ulisimama. Mtu yeyote mwenye akili timamu angedhani kwamba wageni wamekwisha.

Badala ya kuomba muda wa mapumziko, Chris Duhon, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alipokea mpira upande wa nyuma na kukimbia nao uwanja mzima. Walinzi wakarudi kinyumenyume wakidhani atatoa pasi. Hakutoa. Alipita chini ya ringi, akageuka, akauweka mpira kutokea upande wa pili. Zilikuwa zimebaki sekunde sita na ushee. Wenyeji hawakufunga tena. Duke 83, North Carolina 81.

Kijana wa Wau

Sifa za usiku ule zilikwenda kwa Duhon, na alistahili. Lakini katika kikosi hicho alikuwamo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, umri miaka 18, jina lake Luol Deng. Alimaliza msimu ule akiwa na wastani wa pointi 15 kwa kila mechi, kiwango ambacho vijana wachache wa mwaka wa kwanza hukifikia.

Deng alizaliwa Aprili 1985 mjini Wau. Baba yake, Aldo Ajou Deng, aliwahi kuwa waziri katika serikali ya Khartoum. Vita na siasa vilipopamba moto, familia ilikimbilia Misri. Huko watoto walikutana na Manute Bol, yule Mdinka mwenye kimo cha sentimeta 231, aliyepitia Chuo Kikuu cha Bridgeport huko Connecticut kabla ya kuingia ligi kuu ya Marekani, NBA, mwaka 1985. Bol ndiye aliyewashikisha mpira ndugu hao. Baadaye familia ilipata hifadhi Uingereza, wakaishi kusini mwa London. Akiwa na miaka 14 Deng alivuka bahari tena, kwenda shule ya bweni huko New Jersey, na kutoka hapo akachukuliwa na Duke.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Wau, Misri, London, New Jersey, Durham. Mtoto huyu hakuwahi kucheza mechi hata moja ya nyumbani. Siku alipoingia ule uwanja wa Chapel Hill na kuzomewa na maelfu, pengine alikuwa mmoja wa watu waliozoea zaidi hali hiyo kuliko wote waliokuwapo.

Kwa nini ni vigumu kushinda ugenini

Ukiwauliza makocha watakwambia kuwa mgeni huanza mechi akiwa nyuma kabla ya mpira kurushwa. Amelala kitanda kisicho chake. Amesafiri. Hajui ubao unarudishaje mpira, wala mwanga wa taa unaangukia wapi. Anapopiga mtupo huru, watu waliokaa nyuma ya ringi wanapunga mikono na kupiga kelele ili akosee. Na mwamuzi naye ni binadamu, anasikia makelele yale yale.

Pamoja na hayo, Duke wana historia ya kutoka Chapel Hill na ushindi mwembamba. Februari 2012 walikuwa nyuma kwa pointi 10 zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee. Walipunguza moja baada ya nyingine mpaka kijana wa mwaka wa kwanza, Austin Rivers, akatupia pointi tatu wakati kipyenga kinalia: 85-84. Februari 2020 Tre Jones alikosa mtupo huru kwa makusudi, akaukimbilia mpira mwenyewe na kusawazisha muda ukiisha. Katika nyongeza Wendell Moore akauokota mpira uliokoswa na mwenzake na kuurudisha ringini, 98-96, tena kipyenga kikilia.

Mechi tatu, na ukijumlisha tofauti zake zote unapata pointi tano tu. Ukizitazama kwa makini utaona jambo moja. Katika zote tatu, mgeni hakuitegemea bahati peke yake. Duhon alikuwa ameshafanya mbio zile mara nyingi kwenye uwanja wao wa Durham. Jones alikuwa anajua mpira uliokoswa kwa nguvu utaangukia wapi, maana ameuona ukianguka mazoezini. Kwa maneno mengine, mechi ya ugenini hushindwa kwa mazoea yaliyojengwa nyumbani.

Hilo ndilo somo, na ndilo linaloleta tatizo kwa upande wetu. Je, asiye na nyumbani pa kufanyia mazoezi afanyeje?

Mguu mmoja kabla ya wakati

Miaka 20 baada ya Deng, Duke walimpata kijana mwingine kutoka kwetu. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek Septemba 2006, lakini alikulia Kawempe, Kampala, mahali ambapo wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kupanga chumba au kununua bidhaa. Hakugusa mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na miaka 13. Watu waliona urefu wake njiani wakamwambia ajaribu. Kutoka hapo alikwenda kwenye kituo cha NBA cha kukuza vipaji huko Senegal, akachezea Cobra Sport ya Juba katika ligi ya Afrika mwaka 2022, na City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Akiwa na miaka 16 tu alikuwamo kwenye kikosi cha taifa katika Kombe la Dunia la 2023.

Machi 14, 2025, Duke na North Carolina walikutana mjini Charlotte katika nusu fainali ya mashindano ya kanda yao. Uwanja haukuwa wa yeyote kati yao, wote wageni. Duke walikuwa bila nyota wao Cooper Flagg, aliyeumia siku moja kabla. Waliongoza kwa pointi 24, kisha uongozi ukayeyuka kama barafu ya samaki kwenye jua la Juba, mpaka ikawa 72-71.

Zikiwa zimebaki sekunde nne, mchezaji wa North Carolina alipiga mtupo huru na mpira ukaingia. Sare! Watu wakaruka. Lakini mwamuzi akapuliza kipyenga. Mchezaji mwingine wa North Carolina alikuwa ameingiza mguu ndani ya mstari kabla mpira haujaachiwa. Pointi ikafutwa. Duke wakashinda 74-71.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji maelezo zaidi. Wanajua mzigo unaweza kuwa halali, ushuru umelipwa, dereva ni mzoefu, halafu kitu kidogo kwenye karatasi moja kikaurudisha nyuma mzigo wote.

Pasi ya kusafiria

Na hapa ndipo habari inapoacha kuwa ya mchezo peke yake.

Aprili 5, 2025, Duke walicheza nusu fainali ya taifa mjini San Antonio, Texas, dhidi ya Houston. Siku hiyo hiyo, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini na kusimamisha utoaji wa mpya. Sababu iliyotolewa ni kwamba Juba ilichelewa kuwapokea watu waliorudishwa. Ubishi ulimhusu mtu mmoja ambaye Juba ilisema si raia wake bali ni Mkongo. Baadaye ilimpokea.

Fikiria kijana wa miaka 18, mwenye kimo cha sentimeta 218, anaingia kwenye mechi kubwa kuliko zote alizowahi kucheza chuoni, huku simu zote uwanjani zikieneza habari kwamba karatasi iliyomleta nchini humo imefutwa. Maluach alicheza. Duke waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, wakaongoza bado ikiwa imebaki chini ya dakika moja, kisha wakafungwa 70-67. Ajabu ni kwamba mwaka 2004, Deng naye alifungwa katika hatua hiyo hiyo, mji huo huo wa San Antonio, na Connecticut, 79-78.

Maluach hakurudishwa. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika usajili wa NBA na kwenda Phoenix Suns, machozi yakimtoka mbele ya kamera. Wadogo zake walioachwa nyuma ndio walioumia zaidi. Desemba 2025 Marekani iliiongeza Sudan Kusini kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia, kuanzia Januari 1, 2026. Njia aliyopita Deng, akapita Maluach, ikawekewa kizuizi barabarani.

Timu isiyo na uwanja wa nyumbani

Wasomaji wanakumbuka kiangazi cha 2024. Julai 20 mjini London, mji uleule uliompa Deng hifadhi, timu ya Sudan Kusini ilicheza mechi ya kirafiki na Marekani yenye akina LeBron James. Wakati wa mapumziko vijana wetu walikuwa mbele kwa pointi 14. Carlik Jones alifikisha pointi 15, rebaundi 11 na pasi za mabao 11. Marekani waliponea chupuchupu, 101-100, kwa kikapu cha James zikiwa zimebaki sekunde nane.

Siku nane baadaye, kwenye michezo ya Olimpiki, karibu na mji wa Lille nchini Ufaransa, waandaaji walipiga wimbo wa taifa usio wetu. Walipiga wa Sudan. Wachezaji walisimama wakisubiri mpaka ukapigwa wa kwao, kisha wakaifunga Puerto Rico 90-79. Huo ukawa ushindi wa kwanza wa nchi hii katika mpira wa kikapu wa Olimpiki.

Nyuma ya yote hayo alikuwapo Luol Deng, sasa akiwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu, aliyetumia pia fedha zake mwenyewe kuijenga timu. Na ni yeye na kocha Royal Ivey walioueleza ulimwengu jambo ambalo sisi tulilijua: timu ile ilikwenda Paris kutoka nchi isiyo na uwanja hata mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Vijana huchezea viwanja vya wazi. Jua likiwaka sakafu inaunguza. Mvua ikinyesha mazoezi yamekwisha.

Kikosi hicho kililelewa na nchi za watu: Kenya, Uganda, Misri, Australia, Marekani. Tunawashukuru wenyeji hao, na hatuna budi. Lakini lilikuwa deni, na mwaka 2026 umetuonyesha kuwa mwenye nyumba anaweza kufunga mlango wakati wowote.

Kwa mzazi wa Sherikat

Mama anayeuza nyanya kando ya barabara ya Nimule na ana mtoto mrefu kupita mlango afanye nini na habari hizi?

Kwanza, atunze karatasi. Ukitazama safari ya Deng na ya Maluach, mpira ulifungua mlango lakini shule ndiyo iliyowapitisha. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kinamtaka mchezaji wa daraja la kwanza awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa alama zinazokubalika. Kwa mtoto aliyerejea kutoka Kakuma au Kampala, hiyo maana yake ni matokeo ya mitihani ya Kenya au Uganda yaliyohifadhiwa vizuri, na cheti cha kuzaliwa chenye jina lile lile na tarehe ile ile kama vyeti vya shule. Ni vijana wangapi wana majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu? Huo ndio mguu ulioingia kabla ya wakati. Kurekebisha ni rahisi sasa kuliko siku ya safari.

Pili, ajihadhari na anayetaka fedha mkononi ili ampatie mtoto nafasi ya chuo ng'ambo. Nafasi ya kweli ya mchezaji hailipiwi na mama. Chuo ndicho kinachomlipia mtoto. Na wakati huu ambapo mlango wa Marekani umewekewa komeo, asiyesema ukweli huo ana lake jambo.

Tatu, Marekani siyo mlango pekee. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae wa Kenya alitupia mpira wa mwisho na kuifunga Angola, ambao wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74-73. Kenya ikarudi kwenye Kombe la Afrika ambalo haikulicheza tangu 1993. Ushindi huo nao ulikuwa wa ugenini, tena wa pointi moja, na ulipatikana hapa hapa Afrika. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Shule na vyuo vya Kampala, Nairobi na Kigali vina timu, na njia ya kwenda huko watu wa Sherikat wanaijua hata wakiwa wamefumba macho.

Lakini la nne ndilo kubwa, na halimhusu mama wa nyanya peke yake. Linawahusu wenye mamlaka, wafanyabiashara wenye uwezo na sisi wote tuliorejea. Duke walishinda Chapel Hill mwaka 2004 kwa sababu kila jioni walikuwa na mahali pa kurudi, penye paa, taa na mtu wa kuwafundisha. Kijana wa Sherikat mwenye kipaji kama hicho bado anacheza mpaka jua lizame, na likizama anaacha, si kwa kuchoka bali kwa kuwa haioni ringi.

Tumeshaonyesha kwamba tunaweza kucheza ugenini. Tulifanya hivyo kwa miaka mingi, wengine kwa mpira, wengine kwa magunia ya unga. Sasa mtoto apewe uwanja wa nyumbani.